Mgomba Nilioukata Kwenye Kompyuta

Nilipokuwa darasa la nne maji ya mfereji wetu yalipotea. Sisemi yalikauka. Yalipotea. Huku kwetu Machame maji ya shamba yanashuka kutoka mtoni juu kwa mifereji waliyochimba babu zetu, mfereji tunauita mfongo, na kila nyumba ina zamu yake. Zamu ya baba yangu ilikuwa Jumatano, alfajiri mpaka adhuhuri. Jumatano hiyo akaenda kufungua, maji yakaja vizuri mpaka kwenye kona yenye mti wa mringaringa, halafu hapo kwenye kona yakaingia chini na hayakutoka. Mbele ya kona, mfereji mkavu kama unga.

Baba hakupiga kelele. Alilala kifudifudi kwenye majani na koti lake, akaweka sikio ardhini, akakaa hivyo mpaka nikadhani amesinzia. Halafu akaniambia nilale na mimi. Nikasikia. Chini kabisa, kama mtu anayesukutua mdomo chumba cha pili.

"Fuko," baba akasema. Fuko alikuwa amechimba njia yake pale, maji yakaikuta, yakaifuata. "Hayajaenda mbali. Lakini mtu akikanyaga hapa juu udongo utaanguka, na hatutayasikia tena. Wewe kaa. Asipite mtu, asipite mbuzi, asipite hata mchungaji wa kanisa." Akaenda kutafuta watu na sululu.

Aliyepita wa kwanza alikuwa mwalimu wangu.

"Wewe, mbona hauko shule?"

"Shikamoo mwalimu. Nalinda maji."

"Maji yapi? Mfereji si huu mkavu?"

"Yako chini, mwalimu. Zunguka."

Akaangalia mfereji, akaniangalia mimi. Akazunguka, kweli, akapita kwenye kahawa ya jirani, akachafua viatu vyake. Kesho yake alinikumbusha viatu hivyo kwa fimbo, na mimi nikaona elimu niliyokwisha kupata inatosha. Sikurudi. Ndiyo maana haya nayaandika kwa herufi kubwa kwenye daftari, na binti yangu ndiye atakayeweka nukta mahali pake.

Maji tuliyapata. Wazee walifuata sauti kwa masikio, hatua kwa hatua, wakachimba pale ilipoanza kufifia, wakaziba tundu kwa gogo la mgomba na udongo mfinyanzi. Saa nane mchana maji yalikuwa shambani kwetu kama vile hayajawahi kwenda popote.

Nilitaka kusema habari ya kompyuta. Mke wangu anasema mimi nikitumwa chumvi dukani hapo barabarani, lazima nipitie Tarakea, kule mpakani mwa Kenya. Alikuwa akisema hivyo, nirekebishe. Sasa anaandika.

Maana mke wangu hana sauti. Alikuwa nayo, na haikuwa ndogo. Kwenye kwaya ya akina mama ya usharika wetu yeye ndiye aliyekuwa akianzisha, na watu wa bonde la pili walikuwa wakijua ibada imefika wapi kwa kumsikia yeye. Halafu shingo yake ikaota uvimbe, ule wa wazee wengi wa milimani, ukakua miaka mingi, yeye akiufunga kitambaa. Daktari wa hospitali kubwa mjini alimweleza mapema, mbele yangu, kwa upole: uvimbe umeuzunguka mshipa wa sauti, nikiutoa sauti inaweza kwenda nao, nikiuacha, siku moja utakufunga pumzi. Mke wangu akasema, "Toa. Nimeshasema vya kutosha." Hayo ndiyo maneno yake makubwa ya mwisho. Tangu hapo ana mnong'ono tu, kama mtu anayepuliza moto, na daftari. Na mimi nawashukuru wale madaktari kila ninapomwona anatoka zizini na ndoo ya maziwa, maana daftari najibizana nalo, kaburi ningejibizana nalo vipi?

Kabla mke wangu hajaenda kupasuliwa, binti yetu alikuja kutoka Dar na kimashine kidogo, akakaa wiki nzima ananyonya kanda zetu za zamani za redio na kuziingiza kwenye kompyuta aliyotuachia. Kompyuta ile iko sebuleni juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama vitu vyote vya maana. Akaweka folda moja, akaiita Nyimbo za Mama, na ndani yake folda tano: za kwaya, za Krismasi, za harusi, za kubembeleza watoto kwa Kichagga, na moja aliyoiita Mengine. Nakala ya kwake hakuchukua. Alisema ziko nyumbani, nyumbani hapapotei kitu.

Hiyo ya Mengine ndiyo yenye habari. Zamani hizo nilinunua redio ya kurekodi, na siku moja nimekaa barazani naijaribu, nabonyeza hiki, nabonyeza kile, ng'ombe akakata kamba akaingia kwenye maharage. Sikumwona. Mke wangu alimwona. Redio ilikuwa inarekodi. Kwa hiyo tunayo kanda nzima upande mmoja ya mke wangu akinigombeza, na ameniweka chini kweli. Akikasirika kidogo hutumia Kichagga. Akikasirika sana huhamia Kiswahili, ili hata jirani aliyeolewa kutoka mbali afaidi.

Basi tangu sauti iondoke, kila siku saa kumi, chai ya maziwa ikiwa mezani, mke wangu anakaa mbele ya kompyuta na mimi nabonyeza. Unadhani anataka nyimbo? Anasikiliza wimbo mmoja, miwili, kwa heshima. Halafu anagonga meza na kuandika: Maharage. Anataka ya maharage. Anajisikiliza akinigombeza, na midomo yake inakwenda pamoja na ile sauti, neno kwa neno, mpaka mwisho, na akimaliza uso wake unakuwa kama wa mtu aliyeoga. Mimi pale nimekaa kama mshtakiwa. Sikuwahi kuona vibaya. Ilikuwa ndiyo saa pekee ya siku ambayo mke wangu alikuwa anaongea.

Sasa makosa. Nayasema yote.

La kwanza, zile kanda zenyewe. Kwa kuwa nyimbo zimeshaingia kwenye kompyuta, nilizifungua, nikavuta utepe, nikautandaza juu ya ulezi kwenye shamba letu la chini. Utepe wa kanda ukipigwa na upepo unavuma, ndege hawasogei. Ulezi ule ulitoka vizuri.

La pili ni la Desemba. Desemba watoto wote wanapanda kurudi nyumbani, kila Mchagga anajua, na kabla hawajafika nyumba inasafishwa mpaka nyuma ya choo. Nilikuwa nimemaliza kihamba, shamba letu la migomba la nyumbani. Shina la mgomba linabeba watatu, mama na mtoto na mjukuu. Mama akishatoa mkungu unamkata, mtoto anashika nafasi, maana ukiwaacha wanazidiana na hakuna atakayezaa vizuri. Kazi hiyo nimeifanya tangu nikiwa na meno ya utoto, naifanya hata nikiwa nawaza mengine.

Nikaingia ndani, nikaiona kompyuta imeandika kwamba imejaa. Nikasema na wewe nitakusafisha. Nikafungua chumba chake cha ndani, ambacho sikuwa na kawaida ya kuingia, na huko nikakuta folda nyingine ya Nyimbo za Mama. Mbili! Moja ya huku ndani, na moja ile tunayoibonyeza kila siku pale usoni pa kompyuta. Nikazilinganisha. Ile ya usoni ilikuwa na kimshale kidogo kwenye kona ya chini, kimepinda kwenda juu. Ya ndani haina. Msomaji, wewe uliyesoma unajua kimshale kile ni nini. Mimi niliona chipukizi. Nikasema huyu mwenye chipukizi ndiye mtoto, huyu wa ndani ndiye mama, ameshazaa. Na sikukurupuka, nilijaribu kwanza: nikaibonyeza ile yenye kimshale, nyimbo zikatokea zote. Mtoto mzima kabisa.

Nikakata mama.

Kompyuta ikasema imemweka kwenye pipa la taka. Nikamwaga na pipa. Mama yangu alinifundisha kwamba taka za kufagia hazilali ndani ya nyumba inayosubiri wageni.

Saa kumi, chai mezani, mke wangu amekaa, nikabonyeza ile yenye kimshale. Kompyuta ikaandika kwamba inachotafuta haikioni. Nikabonyeza tena. Ndipo nikaelewa. Kimshale hakikuwa chipukizi, kilikuwa kidole tu cha kuonyesha mama alipo, na mama nilikuwa nimeshamkata na kumwaga.

"Umeme mdogo," nikasema. Nikachomoa waya ukutani kabla hajasogea kusoma.

Akaniangalia. Akanywa chai yake. Akaenda kukama ng'ombe.

Kesho yake asubuhi nilishuka mbio shamba la chini. Kwenye vijiti kulikuwa na vipande vya utepe, vimekunjamana, vingine vimekuwa vyeupe kwa jua. Niliokota kila kimoja nilichokiona, nikavizungusha mpira kama wa kuchezea, nikautia kwenye kofia. Mzee mwenye wajukuu, ameinama kwenye mabua anaokota uchafu. Nilimwomba Mungu waziwazi, kwa sauti, pale shambani. Nilimwambia sitaki nyimbo zote. Nipe ya maharage.

Nilimwambia mke wangu kompyuta inaumwa, naipeleka mjini. Nikalifunga lile boksi kwa blanketi, nikapanda gari la maziwa, nikakaa katikati ya madumu nimelikumbatia. Dereva akanitazama kwenye kioo.

"Meku, mzee wetu, huyo mtoto mbona hana miguu?"

"Endesha."

"Anaumwa nini?"

"Amesahau kila kitu."

"Basi ni mzee huyo, siyo mtoto!" Wakacheka wote garini mpaka Moshi. Na mimi nilicheka, niseme kweli, lakini cha mdomoni.

Duka la kwanza lilikuwa la vioo, karibu na stendi. Binti wa pale aliniamkia vizuri, akanipa na kiti. Nikamweleza.

"Hii tunaipiga windo mpya, babu. Inakuwa kama imetoka dukani."

"Na nyimbo?"

"Nyimbo ndiyo basi tena. Lakini itakuwa fasta, babu, hutaamini."

Akashika waya kutaka kuiwasha. Hapo ndipo nilipopiga kelele. "Usikanyage!" Nilipiga kelele hivyo, usikanyage, duka zima likageuka, na yule binti akanyanyua mikono yake juu na kutazama sakafuni. Nilikuwa nimeona kona ya mringaringa, na mimi nimelala pale. Nilimwomba radhi. Nikamweleza kwamba nadhani ziko chini bado, ila mtu asiweke kitu juu yake. Angeweza kunicheka. Badala yake alifikiri, akasema, "Kuna fundi mmoja mtaa wa Pasua, zamani alikuwa kiwanda cha sukari. Yeye ndiye ana uvumilivu wa mambo ya hivyo." Akanichorea njia kwenye kikaratasi. Namshukuru na yeye, hata jina lake sikuuliza.

Fundi wa Pasua alikuwa na chumba kimoja nyuma ya duka la mkaa. Mtu wa miaka hamsini hivi, siyo wa huku. Kazi ya kiwanda ilimleta kutoka mikoa ya magharibi akiwa kijana, akakaa kwenye nyumba za kampuni na mkewe, akitengeneza mashine za ofisini. Mkewe alifariki, kazi ikaisha, akahamia Pasua. Niseme mapema ili msomaji asinisumbue: mtu huyu sijui alipo. Januari nilishuka na mkungu wa ndizi begani, nikakuta kwenye chumba kile mama mmoja anashona sare za shule. Akasema fundi amehama, hakuaga. Simu yake haipatikani. Kwa hiyo shukrani yangu haina anwani, na ndiyo sababu moja ya kuandika haya.

Siku ile aliniuliza kama daktari.

"Baada ya kufuta, mzee, uliifanyia nini?"

"Nilichomoa waya siku ileile."

"Hukuweka sinema? Picha?"

"Sijarudishia hata kitambaa chake."

Akacheka. "Basi umeshafanya nusu ya kazi yangu. Kompyuta ikifuta haiondoi kitu. Inafuta tu kwenye orodha kwamba kitu kiko wapi. Kitu chenyewe kinabaki palepale, mpaka kije kingine kilalie mahali pake."

"Kiko chini," nikasema.

"Kiko chini."

"Kama maji ya fuko."

"Fuko gani?"

Nikamweleza. Yote, na mwalimu, na viatu. Alisikiliza amesimama, bisibisi mkononi, mpaka mwisho. Katika maisha yangu watu walionisikiliza mpaka mwisho bila kusema fupisha mzee, ni wachache, nawahesabu kwa mkono mmoja na vidole vinabaki. Nikatoa na ule mpira wa utepe kwenye kofia.

"Huu ulikuwa wapi?"

"Kwenye ulezi."

"Misimu mingapi?"

"Miwili."

Akauinua kwenye mwanga wa mlango. "Huu jua limeshauimba wote, mzee." Lakini hakuutupa. Aliuweka juu ya rafu, taratibu.

Akafungua boksi, akatoa diski, kidude kizito kama kitabu cha nyimbo, akakiunga kwenye mashine yake. Programu ikaanza kutambaa. Ilitambaa tangu saa tano asubuhi mpaka karibu saa kumi na moja. Tukala chapati na maharage, na mimi maharage yale yalinikaa kooni, nikamweleza kwa nini. Nikamweleza kanda ya ugomvi, na kwamba hiyo ndiyo ninayoitafuta. Nyingine zote zikija ni baraka juu ya baraka.

Akakunja kipande cha chapati. Halafu akasema, "Wangu alikuwa akinitukana kutoka jikoni mpaka nyumba ya sita. Wenzangu walikuwa wakipanga saa zao kwa matusi yangu. Ninazo picha zake mbili, mzee. Tusi hata moja sina." Akasema simu ya mkewe ilianguka kwenye mfereji wa miwa na sauti zote ndani, akaifungua, akaikausha, akahangaika nayo mwaka mzima, hakutoa kitu. "Kazi hii ya kurudisha vitu, hapo ndipo nilipojifunzia. Kwenye ile iliyonishinda."

Mimi nikamsogezea chapati iliyobaki.

Programu ilipomaliza aliniita nitazame. Mistari mingi, mamia, na yote ni namba. Hakuna Krismasi, hakuna harusi. Akabonyeza mmoja: mahubiri. Akabonyeza mwingine: binti yangu anasoma masomo yake ya chuo. Wa tatu: kwaya, na juu ya kwaya, sauti ile. Nilishika ukingo wa meza.

"Sauti zimerudi," fundi akasema, "majina hayakurudi. Na zimechanganyika na kila kitu kilichowahi kufutwa humu. Kichagga sikijui, nyimbo zenu sizijui. Inatakiwa mtu anayezijua akae asikilize moja moja. Nani anazijua?"

"Mwenyewe."

"Mlete."

"Hajui kama zilipotea."

Akaachia kipanya. "Mzee, hapo sina programu."

Tukakubaliana atapanda yeye Jumamosi na lile boksi letu, aliunge mwenyewe mbele yetu. Alisema miaka yote ameutazama mlima kutoka kwenye miwa, hajawahi kupanda hata mguuni pake. Malipo tulimaliza palepale, hayana hadithi.

Ijumaa asubuhi nilikwenda mpakani mwa kihamba nikakata jani la isale. Asiye wa huku aelewe: isale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani, na mtu aliyekosa akikuletea jani lake limefungwa fundo, huwezi kumfukuza. Lazima usikilize na lazima usamehe. Nimeona likiamua ugomvi wa mashamba, wa damu. Sijawahi kusikia mtu akimpelekea mkewe kwa ajili ya kompyuta. Nililifunga fundo, nikamkuta anachambua mboga, nikaliweka mapajani pake na kupiga magoti, na magoti yangu haya.

Alilitazama jani. Akafuta mikono, akavuta daftari.

Umefanya nini tena?

Nikasema yote. Chipukizi, pipa, umeme mdogo, ulezi. Nilipofika kwenye ulezi alifumba macho, maana la kanda hakuwa akilijua. Mchicha uko nusu umechambuliwa, kuku wamesogea. Halafu akaandika, na kalamu ilikuwa inakata karatasi.

Umeme mdogo haujawahi kuwasha taa zote za nyumba. Nilijua siku ileile. Nilikuwa nasubiri jani.

Akageuza ukurasa.

Ya maharage ipo?

"Sijui," nikasema. "Mama, sijui. Fundi mwenyewe hajui."

Akalichukua lile jani, akalichomeka kwenye nguzo ya jikoni. Bado liko pale, limekauka. Akanipa mchicha nimalizie.

Jumamosi fundi akafika saa tatu, amevaa shati la kwenda kanisani. Mke wangu alimpa mkono, akamwandikia: Karibu. Fundi akasoma, akajibu kwa sauti kubwa kama vile mke wangu ni kiziwi, kila mtu anafanya hivyo, halafu akajishtukia akacheka.

Wakaanza kazi. Mke wangu alikaa na daftari, fundi na kipanya, mimi nilipewa kazi ya kuleta chai na kunyamaza. Walikuwa na utaratibu wao baada ya dakika tano: fundi anabonyeza namba, mke wangu anagonga meza mara moja, ni yetu, anaandika jina, fundi analiingiza; akigonga mara mbili, siyo yetu. Alizitambua kabla wimbo haujaanza. Kwa mkohozo wa mwalimu wa kwaya! Kwa benchi lililolia! Mara moja aligonga kukiwa kimya kabisa, fundi akamwangalia, na baada ya pumzi mbili sauti yake ikaingia, ya ujanani, inabembeleza mtoto wetu wa kwanza. Fundi akatikisa kichwa. "Mama, wewe ndiye programu."

Folda nne zikajaa. Tukala mtori, supu yetu ya ndizi na nyama, fundi akaongeza mara mbili, wakarudi mezani. Ya Mengine ilikuwa tupu. Namba zikapungua, zikabaki kumi, zikabaki tano, na mke wangu akagonga mara mbili, mara mbili, mara mbili. Nikaacha kuleta chai. Zikabaki mbili.

Fundi akabonyeza. Pakasikika mkwaruzo. Mwanzo haukuwepo, umekatika, kuna mahali kitu kilikuwa kimeshalalia. Halafu katikati ya neno:

"...rage yote! Yote! Baba wewe, ng'ombe yuko ndani, anakutazama, anatafuna, na wewe umekaa hapo unabonyeza-bonyeza kama kuku anadonoa! Hebu nyanyuka! Hicho kiredio ndicho tutakachopika?"

Na sauti yangu, ya kijana, ya kijinga: "Kwani ng'ombe yuko wapi?"

"Yuko wapi! Anauliza yuko wapi! Mungu wangu, umenipa nini hiki?"

Mke wangu hakugonga meza. Alikuwa ameshaanza. Midomo inakwenda, kidole kinaninyooshea mimi, mabega yanacheka bila sauti, machozi yanashuka mpaka kwenye kovu la shingo. Mimi nililia kama mtoto na kucheka pamoja. Fundi naye alicheka, kicheko kikubwa, akapiga paja lake. Ilipokwisha mke wangu akagonga meza: tena. Fundi akarudisha mwanzo.

Mara ya pili hakucheka. Alikaa ameinamisha kichwa, anasikiliza kama baba yangu siku ile kwenye majani. Mke wangu wa ujanani alipofika kwenye "umenipa nini hiki," fundi akasimama taratibu, akaweka kipanya sawa.

"Naomba nikapokee simu," akasema.

Simu haikuwa imelia. Tulijua sote.

Nilimwacha kidogo, halafu nikatoka. Barazani mkungu wa ndizi tuliomwandalia ulikuwa palepale, na chupa ya maziwa juu yake. Yeye alikuwa ameshapita geti, anashuka njia ya kahawa kando ya mfereji, mikono mitupu, shati jeupe linaonekana na kupotea kati ya migomba. Nyuma yangu, ndani, kanda ilikuwa inaanza mara ya tatu, na dirisha liko wazi. Alifika kwenye ile kona ya mringaringa, akasimama, nikaona anasikiliza. Halafu akashuka.